Jinsi ya Kulipima Kanisa kwa Maandiko Kabla Hujajiunga

Ukihamia mitaa ya Nairobi kama Umoja, Pipeline au Githurai, Jumapili ya kwanza utasikia vipaza sauti vya makanisa matatu manne kabla hujamaliza chai. Moja liko ukumbini juu ya duka la vifaa vya ujenzi, jingine hemani, jingine chini ya mabati, jingine ni la mawe na lina miaka mingi. Jengo lisikuvute wala lisikufukuze, maana kanisa la kwanza lilikutana nyumbani mwa watu (Wakolosai 4:15). Wingi wa watu nao si kipimo: wanafunzi wengi walimwacha Yesu mwenyewe alipofundisha neno gumu (Yohana 6:66). Cheti cha Msajili wa Vyama ni kizuri kuwa nacho, lakini kinathibitisha tu kwamba chama kipo kisheria. Hakisemi kama injili inahubiriwa humo.

Kanisa la kweli hukubali kupimwa. Watu wa Beroya walipomsikia Paulo waliyachunguza maandiko kila siku waone kama aliyosema ni kweli, na Biblia inawasifu kwa hilo (Matendo 17:11). Kama mtume alichunguzwa, hakuna askofu wala nabii wa Nairobi aliye juu ya kuchunguzwa.

Jipe Jumapili nne mfululizo na ibada moja ya katikati ya wiki. Jumapili moja haitoshi, kwa sababu huenda ukakuta mgeni anahubiri au siku ya mchango maalumu. Beba daftari na Biblia ya karatasi, kwa kuwa ukisomea kwenye simu ni rahisi kuishia kwenye mstari uliotajwa bila kuona yaliyouzunguka. Katika muda huo usiahidi pesa, usijaze fomu ya ushirika, wala usimwachie mtu kitambulisho chako.

Anza na mahubiri. Chora safu tatu daftarini: andiko lililosomwa, alichosema mhubiri, na anachotaka mfanye. Ukifika nyumbani soma mistari kumi kabla ya andiko hilo na kumi baada yake, ikiwezekana katika tafsiri za Union Version na Habari Njema pia. Hapo ndipo makosa mengi hujitokeza. Yeremia 29:11 husomwa kama ahadi ya kazi na gari mwaka huu, ilhali ni barua kwa mateka waliokuwa Babeli, na mstari wa 10 unawaambia wangoje miaka 70. Kosa moja la namna hii si uzushi, kwani mhubiri yeyote huteleza. Lakini ukilikuta kila Jumapili, na kila mara likiegemea upande wa faida ya mhubiri, umeshapata jibu.

Kisha angalia kama injili yenyewe imo. Paulo anaitaja kwa ufupi katika 1 Wakorintho 15:3-4: Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi zetu, akazikwa, akafufuka siku ya tatu. Baada ya majuma manne, hesabu ni mara ngapi umesikia habari za dhambi, toba, msalaba na ufufuo. Mahubiri ambayo ungeweza kumtoa Yesu ndani yake na yakabaki vilevile ni hotuba ya kutia moyo tu. Tena Wagalatia 1:8 hairuhusu injili nyingine hata ikiletwa na malaika, kwa hiyo maneno kama “Bwana amenifunulia jana usiku” hayafuti andiko.

Pesa ndizo huwaumiza watu wengi zaidi mjini, kwa hiyo zikague kwa makini. Paulo alipokusanya mchango wa watakatifu wa Yerusalemu hakuubeba peke yake. Alimtuma Tito pamoja na ndugu wengine wawili, kusudi asilaumiwe na mtu (2 Wakorintho 8:16-22). Nehemia naye aliweka watu kadhaa waaminifu kutunza ghala ya zaka (Nehemia 13:13). Kwa hiyo uliza: sadaka huhesabiwa na wangapi? Akaunti ya benki huwekwa sahihi na nani? Nambari ya M-Pesa inayotangazwa imesajiliwa kwa jina la kanisa au la mtu? Hesabu husomwa mbele ya washirika mara ngapi kwa mwaka? Muulize mzee au mweka hazina kwa upole baada ya ibada. Akijibu “njoo mkutano wa mwaka uzione,” vema. Akijibu kwamba unamjaribu Mungu, funga daftari.

Malaki 3:10 utaisikia sana, basi isome pamoja na Kumbukumbu la Torati 14:28-29, ambapo zaka ya kila mwaka wa tatu ilimlisha Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Kanisa linalodai zaka na halina mjane hata mmoja linayemtunza limesoma nusu ya sheria. Nayo “mbegu” ya kulipia maombi, maji au mafuta ya upako haina mjadala. Yesu alisema, “mmepata bure, toeni bure” (Mathayo 10:8). Gehazi, mtumishi wa nabii Elisha, alipokea malipo kwa uponyaji wa Naamani akapata ukoma (2 Wafalme 5), na Simoni wa Samaria alikemewa vikali kwa kutaka kununua karama (Matendo 8:18-20).

Upande wa viongozi, soma 1 Timotheo 3:1-7 na Tito 1:5-9 kabla ya kuwauliza watu. Karibu sifa zote zilizotajwa ni za tabia: asiyelaumika, mpole, mkaribishaji, asiyependa fedha. Ufundi ni mmoja tu, kujua kufundisha. Kipaji cha kuimba, sauti ya ngurumo na walinzi wenye suti hazimo. Mstari wa 7 wa 1 Timotheo 3 unataka kiongozi awe na sifa njema kwa watu wa nje, nao ni rahisi kuupima Nairobi: zungumza na mama mboga wa langoni, vijana wa boda boda, na mwenye ukumbi. Kodi hulipwa? Majirani hulala usiku wa kesha?

Angalia pia kama wazee ni wengi. Mitume waliweka wazee katika kila kanisa (Matendo 14:23). Mahali ambapo mtu mmoja ni mwanzilishi, mhubiri, mweka hazina na hakimu, na mkewe ndiye katibu, hakuna wa kumwambia amekosa. Ukiuliza utasomewa “Msiwaguse masihi wangu” (Zaburi 105:15). Zaburi hiyo inawahusu Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa wageni kati ya wafalme, na haimkingi mchungaji asionywe. Paulo alimpinga Petro ana kwa ana mbele ya wote (Wagalatia 2:11-14), na 1 Timotheo 5:19-20 inaeleza utaratibu: mashahidi wawili au watatu, kisha mzee anayedumu katika dhambi akemewe hadharani.

Miujiza usiitumie kama uthibitisho. Kumbukumbu la Torati 13:1-3 inasema hata ishara ikitimia, kama inawavuta watu mbali na Mungu, msimsikilize nabii huyo.

Ubatizo na meza ya Bwana lazima viwepo. Kama ni wachanga au watu wazima wanaobatizwa, kunyunyiza au kuzamisha, ni jambo ambalo madhehebu ya muda mrefu hutofautiana, na tusingekushauri uliite kanisa la uongo kwa hilo pekee.

Ibada ya katikati ya wiki na vikundi vya nyumbani vitakuonyesha upendo kuliko Jumapili. Nani humtembelea mgonjwa hospitali ya Kenyatta? Msiba ukitokea Mathare kwa maskini, watu huenda kama wanavyoenda ukitokea Karen kwa matajiri? Yakobo 2:2-4 inakataza kumpa tajiri kiti cha mbele na kumwambia maskini asimame kule. Viti vya sofa vinavyopangwa mwanasiasa anapokuja na bahasha ya harambee ni jambo hilohilo.

Baada ya majuma manne, peleka maswali yako kwa mchungaji mwenyewe. Kanisa lisilo na dosari hulipati. Hata Korintho lilikuwa na mafarakano na Paulo aliliita kanisa la Mungu. Linaloonywa na kurekebika, kaa nalo.

Lakini kuna mambo usiyosubiri juma la nne. Ukiambiwa uache dawa za kisukari, presha au VVU, uwatoe watoto shuleni, uuze shamba, ukate ndugu zako, au ufunge bila kikomo ili ukutane na Yesu, ondoka siku hiyohiyo pamoja na watoto wako. Mwaka 2023 zaidi ya miili 400 ya waumini walioambiwa wafunge hadi kufa ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kilifi, na miongoni mwao walikuwamo watoto wengi ambao hawakuchagua kufunga. Ripoti kituo cha polisi kilicho karibu. Kama mtoto yuko hatarini, piga 116, simu ya bure ya kuwasaidia watoto.