Anza Usiku kwa Kunakili Mkahawa wa Van Gogh

Wengi wanaokuja kwangu Umoja, Nairobi, kujifunza rangi za mafuta hutaka kuanza na usiku wa barabara ya Tom Mboya: mvua imekatika, taa za matatu zinang'aa kwenye lami, watu wanakimbilia stejini. Mimi huwapa kwanza mchoro wa mkahawa wa Arles, mji wa Ufaransa, ambao mchoraji Mholanzi Vincent van Gogh aliupaka Septemba 1888. Siku hizi unatunzwa katika jumba la makumbusho la Kröller-Müller, Otterlo, Uholanzi. Ninaupenda kwa sababu ni usiku usio na rangi nyeusi. Mwenyewe alimwandikia dada yake hivyo, akataja bluu, zambarau na kijani. Ukiunakili utajua kwa mkono wako kwamba giza nalo ni rangi.

Kachapishe picha hiyo kwa ukubwa wa A3. Maduka ya uchapishaji hayakosekani River Road, ila ilinganishe na simu ukiwa bado kaunta, maana mashine nyingi huigeuza bluu ikawa zambarau. Kata hadibodi ya sentimita 40 kwa 32, karibu nusu ya picha asilia (80.7 kwa 65.3). Ipake jeso (rangi nyeupe ya msingi) mara mbili na uipige msasa. Gawanya picha na ubao kwa miraba 8 kwa upana na 10 kwa urefu, kisha hamisha mistari mikubwa tu: ukingo wa turubai la mkahawa, paa za nyumba, mwisho wa barabara.

Kabla ya kitu kingine, ufunike weupe wote wa ubao kwa kahawia iliyolainishwa na tapentaini. Juu ya weupe, kila bluu huonekana nzito kuliko ilivyo, na mwanafunzi huanza kuipausha bila sababu.

Rangi saba zinatosha: nyeupe ya titaniamu, manjano ya kadimiamu, okra (manjano ya udongo), nyekundu ya alizarini, bluu ya altramarini, bluu ya Prussia na kahawia ya amba iliyochomwa. Nyeusi iache dukani. Altramarini na amba zikichanganywa hutoa giza zito lenye uhai. Bluu ya Prussia chota kwa ncha ya kisu, kwani humeza kila inachokigusa.

Sasa watu, ambao ndio hasa wanaowashinda wengi. Usiwachore nyuso. Pindua picha na ubao vichwa chini, shika brashi pana, ukunje macho mpaka uone mabaka tu: hapa mwanga, hapa giza. Mhudumu aliyesimama katikati ya meza amevaa nguo nyeupe, lakini toboa tundu katika karatasi ya kijivu umtazame kupitia hapo. Utaona kwamba huo si weupe wa tyubu. Taa imeutia rangi yake. Walioketi ni madoa machache ya brashi, na ni sawa kabisa. Kinachomfanya mtu asimame ni ukingo: upande unaotazama taa uwe mkali, upande wa gizani uyeyuke ndani ya bluu. Ukingo mmoja uliopatikana ni bora kuliko macho na pua kumi.

Tabaka za chini ziwe nyembamba, za tapentaini. Za juu ndizo ziongezwe mafuta ya kitani. Ukigeuza mpangilio huo, rangi itapasuka baadaye. Nyota na taa ziache mwisho, uzibandike nene, usizisugue.

Fungua madirisha, na usile ukiwa na kadimiamu mikononi. Matambara yenye mafuta ya kitani usiyarundike: hupata joto yenyewe na yanaweza kuwaka moto. Yatandaze nje yakauke.

Katika baridi ya Julai, tabaka nene huchukua muda mrefu kukauka, kwa hiyo usiguse manjano kujaribu. Vanishi isubiri miezi sita au zaidi. Nyuma ya ubao andika kwa penseli: nakala ya Van Gogh, jina lako, mwaka.