Kuokoa nakshi za kofia za mkono: shoneni kitambaa kimoja mtaa mzima

Kofia za viua nazungumzia, zile nyeupe za mkono zenye vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi, wengine wanaziita baraghashia na jina hilo linahusishwa na Sultani Barghash aliyetawala Zanzibar 1870 mpaka 1888. Fundi mzuri kofia moja inamchukua wiki kadhaa au miezi, na sa hivi sokoni zimejaa za mashine za kutoka nje bei chee, kwa hiyo kijana haoni sababu ya kukaa kutwa na sindano. Nakshi nyingi hazipo kwenye karatasi, zimo vidoleni mwa mabibi zetu. Bibi akiondoka, zinaondoka naye.

Sisi tulichofanya mtaani ni kushona kitambaa kimoja kirefu, kila mtu kipande chake chenye nakshi ya kofia, alafu tukakitundika. Na nyie mnaweza.

Anzeni na mafundi. Msiende kundi zima na makaratasi, nendeni wawili, shikamoo bibi, kaeni chini mkekani, muda mzuri ni baada ya alasiri wakati mwenyewe ameshatoa kofia yake anashona. Na malipo muyaseme siku hiyo hiyo. Watu wanapenda kuwaomba wazee wafundishe bure eti ni utamaduni, jamani hiyo kazi ndo inayomnunulia mchele, muda anaowafundisha nyie ni muda ambao kofia yake haisogei. Kama mfuko hauna kitu, nunueni kwanza kofia zake kwa bei yake bila kupunguziwa, muanzie hapo.

Kurekodi nakshi hapa msiharakishe. Sisi mwanzo tulipiga picha upande wa mbele tu, zikapendeza kweli, lakini tulipotaka kuzifuata tukakwama maana mbele huoni uzi umeanzia wapi na umerukia wapi, ikabidi turudi nyumba zote. Pigeni mbele na nyuma, rula iwe pembeni, na vidio ya mikono tu kama bibi hataki sura yake ionekane. Muulizeni nakshi hiyo yeye anaiitaje muandike hivyo hivyo, hata kama jirani yake anaiita jina jingine, yaandikeni yote mawili. Na muulizeni ipi hataki isambazwe kwenye magrupu ya wasapu, akisema hii hapana basi ni hapana.

Wenye ndugu Muscat waombeni picha pia, Waoman wanavaa kumma ambayo ni ndugu wa kofia yetu na familia nyingi zilizotoka Unguja na Pemba bado zina kofia za mababu kwenye masanduku.

Kitambaa chukueni pamba nyeupe tupu, kateni vipande vya sentimita 30 kwa 30 na muache sentimita 2 kila upande za kuungia. Kila kipande tabaka mbili, zishikizeni kwa uzi mrefu zisiteleze. Choreni nakshi kwa penseli kidogo tu. Kiua, yaani kile kitundu, hakikatwi kwa mkasi, unatoboa kwa kitu chenye ncha ukisukuma nyuzi pembeni, maana ukikata kitafumuka, alafu unazungusha uzi mishono ikae imebanana. Anayeanza ashone mistari miwili mitatu kwenye kitambaa chakavu kwanza, akifumua mara tano ni kawaida. Fundi mmoja wanafunzi watatu, wakizidi hapo anaishia kupiga kelele na hakuna anayeona mkono wake. Na wavulana waiteni, kofia wanavaa wao.

Mkiunga, nyuma ya kila kipande shoneni jina la aliyeshona na la bibi aliyemfundisha. Kitundikeni watu wanapopita, skuli, barazani, viwanja vya sikukuu siku ya Idi, na mafundi wenyewe wakae kwenye viti pale pembeni waulizwe wao, sio mwenyekiti wa kikundi.

Kuhifadhi: msikifunge kwenye mfuko wa plastiki, hewa yetu ya bahari ina unyevu na pamba nyeupe inaota madoa ya manjano. Kivingirisheni, msikikunje, mkifunike kwa shuka safi, na masika ikiisha kitoeni mkianike kivulini.