Banda la kuku kabla ya kipupwe: kwa wafugaji wa Njombe, Makete na Mufindi

Mei, mvua zinapokatika nyanda za juu kusini, ndio wakati wa kushughulikia banda. Juni hadi Agosti upepo wa kusi huleta baridi na ukungu, na Makete kuna asubuhi ambazo umande hugeuka barafu juu ya majani. Wafugaji wengi huikabili baridi hiyo kwa kuziba banda pande zote, na hapo ndipo kuku wanapoanza kuugua. Kuku mkubwa mwenye manyoya makavu huivumilia baridi ya huku. Kinachomwangusha ni upepo unaompiga akiwa amelala, na unyevu uliofungiwa ndani pamoja naye.

Usiku kucha kuku hutoa mvuke kwa pumzi, na kinyesi chake kwa sehemu kubwa ni maji. Banda likizibwa, mvuke hugusa bati la baridi, hugeuka matone na kuwadondokea kuku na maranda. Maranda yakilowa, kinyesi hutoa amonia inayounguza macho na koo, ndipo mafua huingia kwa urahisi.

Kwa hiyo ziba chini, acha juu wazi. Ukuta uwe mzima kutoka sakafuni hadi kupita vichwa vya kuku waliolala kwenye fito. Sentimeta 20 hadi 30 za juu, chini ya paa, zibaki na wavu tu. Upande wa kusini mashariki pigilia mabanzi, yanayopatikana kwa wachana mbao, kisha kandika nyufa kwa udongo. Madirishani weka pazia la viroba vya mbolea vilivyooshwa vizuri. Lifunge kwa chini na livutwe kwenda juu. Pazia linaloning'inia kutoka juu hufanya kinyume: huzuia hewa inapotakiwa kutoka na kuruhusu upepo uwapige kuku. Mchana literemshe.

Fito ziwe na upana wa sentimeta 5 na kingo zilizolainishwa, ili kuku afunike vidole kwa manyoya ya tumbo. Kila kuku apate sentimeta 20.

Sakafuni mwaga maranda makavu, kina cha sentimeta 10 hadi 15. Unga wa msumeno haufai, una vumbi jingi na vifaranga huula. Maranda ya mbao zilizotiwa dawa yaache kabisa. Geuza mara mbili kwa wiki na uondoe yaliyolowa, hasa kando ya vyombo vya maji. Kamata konzi na ulibane: likishikamana na kubaki donge, yana unyevu mno, na kuhara damu kuko karibu. Kisha chuchumaa hadi usawa wa kuku na uvute pumzi, kwa maana ukiwa umesimama huwezi kuipata amonia wanayoivuta wao.

Vifaranga ni habari nyingine, hao wanahitaji moto. Wiki ya kwanza wapate nyuzijoto 32 hadi 35, upunguze 3 hivi kila wiki. Vifaranga 50 watoshee kwenye mduara wa hadibodi wenye kipenyo cha mita 1.2. Wakirundikana wanaona baridi. Wakikimbilia ukingoni wakihema, wamezidiwa na joto. Chungu cha mkaa kiwashiwe nje, lakini usidanganyike kwamba moshi ukiisha hatari imekwisha: mkaa uliokolea hutoa gesi ya sumu isiyo na harufu, na chumba kisicho na tundu la juu huweza kuua vifaranga wote, hata mtu anayelala humo.

Baridi humfanya kuku ale zaidi. Anayetaga hula gramu 110 hadi 120 kwa siku; ukimbania, mayai ndiyo hupungua kwanza. Jioni ongeza konzi moja ya mahindi ya kuparazwa kwa kuku watano, na asubuhi wape maji ya uvuguvugu.

Chanjo ya mdondo ya I-2, tone moja jichoni, itolewe kabla ya Mei kwisha na kurudiwa kila miezi 3. Chanja kuku wazima tu.

Uani chimba mtaro upande wa juu wa mteremko, mwaga changarawe mlangoni, na usiwafungulie kuku mpaka umande ukauke.