Kompyuta haioni diski? Usikimbilie kulaumu mazabodi

Jamani wenye deskitopu huku Mtwara, hasa nyie wa Shangani mliopakana na bahari, kabla fundi hajakwambia mazabodi (ile bodi kuu ya ndani) imekufa ebu fungua boksi mwenyewe kwanza. Juzi yangu iligoma kabisa kuona hadidiski, inawaka fresh ila inadai hakuna diski, nikazima, nikachomoa ukutani, nikabonyeza batani ya kuwashia kama sekunde 10 hivi umeme uliobaki uishe, kuchomoa ule waya mwembamba wa SATA, unaounganisha diski na mazabodi, nakuta zile pini za diski zina ukijani kwa mbali, chumvi hiyo! Nikasugua taratibu na raba ya penseli, nikapangusa unga wote, nikachomeka waya mwingine kwenye tundu jingine la mazabodi, ikasoma papo hapo.

Halafu watu wanasahau diski ina waya mbili, wa data una pini 7 na wa umeme una pini 15, sasa ukiishika hadidiski kompyuta ikiwa imewaka ukaona haitetemeki hata kidogo anza na ule wa umeme.

Bado? Ingia bayosi, ile menyu ya setingi za mazabodi kabla Windows haijawaka, uone kama tundu la SATA halijazimwa. Na kama umeongeza SSD ya M.2, ile diski ndogo bapa inayochomekwa moja kwa moja kwenye mazabodi, baadhi ya mazabodi zinazima tundu moja au mawili ya SATA ukishaichomeka, hii imetesa wengi kweli, cheki kitabu cha mazabodi yako. Saa ya kompyuta nayo ikirudi nyuma kila ukiwasha ujue ile betri ya duara ya mazabodi, CR2032, imechoka na setingi za bayosi zinapotea, weka mpya.