Jiko la Induksheni Lisipoitambua Sufuria: Namna ya Kutafuta Chanzo

Jiko la induksheni, yaani la umeme linalopasha sufuria kwa nguvu ya sumaku, linapokataa kupasha, likapiga mlio wa kukatikakatika na kuonyesha namba ya hitilafu kama E0 au picha ya sufuria inayowaka na kuzimika, lawama huliangukia jiko kwanza. Hata hivyo, katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki chanzo huwa juu ya kioo, wala si chini yake, kwa kuwa sufuria tulizozizoea, kuanzia zile nyepesi za sokoni hadi masufuria makubwa ya shughuli, ni za alumini, na majiko ya kawaida ya aina hii hayawezi kuipasha alumini. Inafaa basi kuichunguza sufuria kikamilifu kabla ya kulipeleka jiko kwa fundi au kulirudisha dukani. Uchunguzi wenyewe hauhitaji zaidi ya sumaku, rula na chombo kimoja ambacho una hakika nacho.

Chini ya kioo kuna koili ya waya wa shaba. Umeme unaopita humo hugeuka mwelekeo maelfu kwa maelfu ya mara katika kila sekunde, kwa kawaida zaidi ya mara 20,000, na kuzalisha uga wa sumaku ambao nao huamsha mikondo ya umeme ndani ya kitako cha sufuria. Kitako chenyewe ndicho kinachopata moto. Kioo hupokea tu joto linaloshuka kutoka kwenye chombo. Katika chuma kinachovutwa na sumaku, mikondo hiyo hubanwa kwenye tabaka jembamba mno la uso wake, takriban sehemu moja hadi mbili za kumi za milimita, hivyo hukutana na ukinzani mkubwa na kugeuka joto. Katika alumini huenea hadi kina cha takriban nusu milimita na kupita kwa urahisi, kwa hiyo joto linalopatikana ni dogo na saketi ya jiko huelemewa. Ndiyo maana jiko halianzi kazi mpaka lipime: hutuma umeme kidogo kwa muda mfupi sana na kuangalia kama kuna kitu juu ya koili kinachoumeza. Lisipokipata, hukataa kuwaka na baada ya muda mfupi hujizima. Hatua hiyo ni ulinzi, na ndiyo inayozuia kijiko kilichosahauliwa juu ya kioo kisigeuke kaa la moto.

Anza na sumaku. Ile ya kubandika kwenye friji inatosha, na iliyotolewa katika spika mbovu ni bora zaidi kwa sababu ina nguvu. Pindua sufuria, ibandike sumaku katikati ya kitako, kisha isogeze taratibu kuelekea ukingoni ukihisi kwa vidole nguvu inayovuta. Ikishika kwa uthabiti kila mahali, kwa upande wa madini sufuria inafaa. Ikianguka, sufuria haifai na hakuna kitufe kitakachobadili hali hiyo. Ikishika kwa unyonge, kiasi kwamba inateleza ukiinamisha sufuria, tarajia matatizo: jiko huenda likaitambua leo na kuikataa kesho, au likaitambua likiwa katika kiwango kimoja cha moto na kuipoteza katika kingine.

Unyonge huo huonekana hasa kwenye sufuria za stenlesi, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotea, kwa maana huamini kwamba kila chombo kinachong'aa ni chuma na kila chuma huvutwa na sumaku. Stenlesi yenye alama 18/10 au 18/8 ina takriban asilimia 18 ya kromiamu na asilimia 8 hadi 10 ya nikeli, na ni nikeli hiyo inayoupanga muundo wa chuma kwa namna ambayo sumaku hainasi, au inanasa kidogo tu pale chuma kilipokunjwa kiwandani. Stenlesi ya 18/0, isiyo na nikeli, huvutwa vizuri. Watengenezaji makini hutumia ya kwanza kwa kuta za sufuria na kuweka tabaka la ya pili chini ya kitako, kwa hiyo alama ya 18/10 peke yake haikuambii lolote kuhusu induksheni. Kipime kitako, usipime ubavu. Chuma kizito cha kusubu na vyombo vya chuma vilivyopakwa enameli kwa kawaida havina shida. Chungu cha udongo, shaba tupu, kioo na karai la alumini la kukaangia maandazi havitatambuliwa kamwe.

Kuna kundi moja linalostahili kuangaliwa kwa karibu, nalo ni sufuria na vikaango vya alumini vilivyotiwa sahani ya chuma kitakoni, mara nyingi sahani yenye matundu madogo madogo yaliyopangwa kwa duara. Chombo cha namna hiyo kinaweza kuwa na upana wa sentimita 24 kwa juu, ilhali sahani yake ina sentimita 14 tu. Jiko linaiona sahani, halikioni kikaango. Majiko mengi huhitaji kitako cha chuma kisichopungua takriban sentimita 12, na kwenye duara kubwa la kupikia la jiko la kujengea kiwango huwa juu zaidi, kwa hiyo weka rula kwenye sahani yenyewe na ulinganishe kipimo na kitabu cha maelekezo. Birika dogo la kahawa hukataliwa kwa sababu hiyohiyo hata likiwa la chuma safi. Lihamishie kwenye duara dogo ikiwa jiko lako lina maduara kadhaa. Hakikisha pia kwamba chombo kimekaa katikati ya duara, maana kusogea kidogo upande mmoja kunatosha kuipoteza sufuria ambayo ukubwa wake uko ukingoni mwa kinachokubalika.

Baada ya madini na ukubwa hufuata unyoofu wa kitako. Simamisha rula kwa ubavu juu ya kitako kilichopinduliwa, uielekeze kwenye mwanga, na utazame kama kuna mwanya. Nguvu ya uga wa sumaku hupungua upesi kadiri umbali unavyoongezeka, hivyo kitako kilichobonyea au kutuna huiweka sehemu kubwa ya chuma mbali na koili. Sufuria nyembamba zinaweza kupita kipimo hiki zikiwa baridi na kutuna zikishapata moto. Dalili yake ni jiko linaloanza vizuri, kisha kulalamika dakika chache baadaye. Kuipasha sufuria tupu kwa kiwango cha juu kabisa ndiyo njia ya haraka ya kuiharibu kwa namna hiyo. Tawa la chapati lenye mbonyeo wa asili nalo huangukia hapa, ingawa ni la chuma.

Kusonga ugali kunahitaji maelezo yake. Mpishi anaposukuma mwiko kwa nguvu, sufuria huinama au kuteleza, jiko huipoteza, hulia na kukata umeme, na wengi hudhani limeharibika. Likirudishiwa sufuria upesi huendelea. Likikawia hujizima na kulazimisha kuanza upya. Tumia sufuria nzito ya kitako bapa yenye mikono miwili, punguza moto kabla ya kuanza kusonga, na uishike kwa kuikandamiza chini bila kuinyanyua upande. Usiweke kitambaa wala gazeti chini yake ili isiteleze, kwa sababu huongeza umbali na vinaweza kuungua. Kama kioo kina mabaki ya uji yaliyokauka, yafute jiko likiwa limepoa, kwani hayo pia huiinua sufuria na kuifanya iyumbe.

Tenganisha tatizo la sufuria na tatizo la umeme. Jiko la wati 2,000 kwenye umeme wa volti 230 huvuta karibu ampea 9, na ekstensheni nyembamba hupata moto na kushusha volti. Volti ikishuka mno, kama inavyotokea jioni katika mitaa yenye watumiaji wengi, jiko huonyesha namba nyingine isiyo ya sufuria. Namba hizi hutofautiana kati ya kampuni na kampuni. Isome iliyo kwenye kitabu cha jiko lako, usitegemee ya jirani.

Zipo sahani za chuma za kuweka kati ya jiko na sufuria ya alumini. Binafsi sizipendekezi kwa upishi wa kila siku: sahani ndiyo inayopata moto kwanza, sehemu ya joto hupotea kabla ya kufika kwenye chakula, na joto linalokusanyika juu ya kioo linaweza kulifanya jiko lijizime kwa kujilinda. Fedha hiyo ni bora iende kwenye sufuria moja nzuri, na ukienda kuinunua beba sumaku yako mfukoni. Anayetaka kubaki na sufuria zake zote za alumini angefaa kununua jiko la infraredi, ambalo kwa sura hufanana sana na hili lakini hupasha chombo chochote bapa kinachostahimili moto.

Ikiwa sufuria iliyouzwa pamoja na jiko, au nyingine inayonasa sumaku kwa nguvu, yenye kitako bapa na upana wa kutosha, bado haitambuliwi, basi hitilafu iko ndani. Huenda koili imekatika, kapasita (kifaa kinachotunza chaji ya umeme) imepungua uwezo, au rezista moja ya saketi ya kupimia imeungua. Wakati mwingine ni mende walioingia kupitia matundu ya feni kufuata joto, wakachafua bodi. Usilifungue mwenyewe hata ukishachomoa plagi, kwa sababu kapasita zinaweza kubaki na chaji ya zaidi ya volti 300, na kufungua stika ya dukani mara nyingi hufuta waranti. Mweleze fundi namba iliyoonekana na kama tatizo lilianza jiko likiwa baridi au baada ya kupata moto, kisha mpelekee na ile sufuria uliyotumia kupimia, ili alijaribu jiko mbele yako kwa chombo kilekile.