Kupiga picha makinda wa sile-maua pale Dunga

Ulaya wana bata-maji wao, wale weupe wa shingo ndefu: makinda wa kijivu wamepanda mgongoni kwa mzazi, ziwa limetulia, picha imekwisha. Sisi Kisumu hatuna bata-maji, lakini pale Dunga, ufukoni mwa Ziwa Viktoria, tuna baba anayebeba watoto kwapani, na kwangu mimi huyo anashinda.

Baba mwenyewe ni sile-maua, yule ndege wa vidole virefu anayetembea juu ya majani ya yungiyungi bila kuzama. Mwili ni wa hudhurungi iliyoiva, shingo nyeupe kwa mbele na nyeusi kisogoni, mdomo na kipaji cha uso ni samawati. Jike na dume wanafanana, ila jike ni mkubwa zaidi, na ukubwa huo una kazi. Jike hupandana na madume kadhaa, humtagia kila mmoja mayai yake, kwa kawaida manne, kisha huenda zake. Kuatamia ni juu ya dume. Kulea pia. Kwa hiyo ukiona mkubwa mmoja na vifaranga wakimzunguka, jua unayempiga picha ni baba.

Mimi riziki yangu ni studio mjini: pasipoti, harusi, picha za mabango ya mazishi. Mteja nikimwambia ainue kidevu, anainua. Ziwani hakuna wa kuambiwa hivyo, na kazi yote ni kumsoma huyo dume. Wanaorudi na picha za mikia tu ni wale wanaokimbiza vifaranga kwa lenzi. Kifaranga ni mdogo, hukimbia upesi, hupotea nyuma ya jani moja tu la gugu maji. Baba ndiye anayeonekana, naye hutangaza mapema kila anachotaka kufanya.

Kwanza, safari. Maji ya Dunga hayakauki, kwa hiyo ndege hawa wanaweza kuzaa mwezi wowote. Mimi napendelea mvua ndefu, Machi hadi Mei, kwa sababu majani ni mapya na vumbi limeoshwa hewani. Nenda jioni ya siku iliyotangulia upatane na mwenye mtumbwi uso kwa uso. Patana kwa saa, usipatane kwa safari, maana wa safari atataka kurudi haraka. Mwambie wazi kwamba hutaki kuonyeshwa viboko, la sivyo atakupeleka huko huko kama mgeni yeyote. Muulize pia kama atakubali kuzima injini na kutumia kasia au upondo mkifika kwenye majani. Mzee ninayekwenda naye hahitaji injini kabisa, na nikianza kuhangaika na kamera huniambia tu, "Omera, tulia," yaani ndugu yangu, tulia. Nami namjibu, "Sawa, jaduong'," yaani sawa mzee, na kwa kawaida yeye ndiye mwenye haki.

Muwe majini kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Hapa tuko karibu kabisa na ikweta, jua hupanda wima, na mwanga laini huisha mapema. Ikifika saa tatu shingo nyeupe ya baba imeshaanza kuungua kwenye picha, yaani kuwa nyeupe tupu. Asubuhi ina faida nyingine ambayo watu wa Kisumu tumepewa bure: ukitazama ziwani umeelekea magharibi, jua linatoka mgongoni kwako na kumwangaza ndege usoni. Jioni ni kinyume chake, utapata vivuli vyeusi dhidi ya maji ya dhahabu. Ni picha nzuri za kalenda, ila manyoya ya kifaranga huyaoni. Isitoshe, upepo wa mchana huamsha mawimbi na kusukuma magugu. Kile kiwanja cha yungiyungi ulichokiona jana unaweza kukikuta kimefunikwa.

Kuhusu vifaa sitasema mengi. Lenzi ya 300 mm inatosha, na yangu ni ya mtumba. Tripodi iache nyumbani, mtumbwi ukitikisika nayo inatikisika. Chukua mfuko wa kitambaa, jaza maharagwe, weka kwenye ukingo wa mtumbwi na ulaze lenzi juu yake. Nyumbani kwangu maharagwe hayo hurudi sufuriani, kwa hiyo yafunge vizuri yasilowe. Kaa chini kabisa, sakafuni, juu ya mfuko wa nailoni. Ukipiga ukiwa umesimama unapata ndege juu ya majani mengi. Ukishuka hadi usawa wa maji, mafunjo ya nyuma huyeyuka kuwa ukuta wa kijani na kifaranga anasimama peke yake.

Kasi ya shata, yaani muda kamera inaopokea mwanga, isishuke chini ya 1/1000 ya sekunde, kwa sababu ya miguu ya kifaranga na kwa sababu ya mtumbwi wenyewe. Fungua tundu la lenzi hadi f/5.6 au f/6.3, na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iache ijipange yenyewe hadi 3200. Halafu punguza mwanga hadi -0.7 kwenye kipimo cha fidia ya mwanga (exposure compensation). Hili usilisahau: kamera ikiona magugu meusi mengi hudhani pana giza, huongeza mwanga, na shingo ya baba inageuka kipande cha karatasi. Kwa kulenga, chagua nukta moja tu. Ukiiachia kamera uwanja wote, itashika jani lililo mbele kila mara.

Sasa subira. Simamisheni mtumbwi mbali, mahali ambapo baba anaendelea kula kana kwamba hamko. Akila, na vifaranga wanatawanyika. Hapo ndipo picha za mmoja mmoja hupatikana: kidude cha manyoya chenye mistari ya kahawia na nyeusi juu ya jani moja la yungiyungi, na vidole ambavyo tangu kuanguliwa ni virefu ajabu kwa mwili wake. Usikate vidole hivyo kwenye fremu. Nimeona picha safi za kichwa cha kifaranga wa sile-maua ambazo zingeweza kuwa za kuku.

Baba akiacha kula na kunyoosha shingo, msisogee tena. Akianza kupiga kelele, rudini nyuma kidogo. Vifaranga wakijizamisha na kuacha ncha za midomo tu juu ya maji, mmeshapita kiasi, ondokeni kabisa. Kenge na korongo wanafanya kazi saa hizo hizo, na baba anayewaangalia ninyi hawaangalii wao.

Picha ambayo kila mtu anaitaka ni ile ya miguu inayoning'inia. Baba anachuchumaa, anafungua mabawa kidogo, vifaranga wanaingia, anabana na kusimama, na ghafla ndege mmoja ana miguu kumi. Kuna njia mbili za kuipata. Moja ni kumtisha, na wapo waongozaji watakaopiga maji kwa kasia ukiwaongezea pesa kidogo. Kataa. Nyingine ni baridi. Saa ya kwanza ya asubuhi, au manyunyu yakianza, vifaranga hukimbilia kwapani wenyewe ili wapate joto, na baba hukaa nao hivyo mara kwa mara. Wakati mwingine anaposimama huwainua wakiwa bado wamebanwa. Ukimwona amechuchumaa, kidole kiwe tayari, lakini usipige mfululizo mrefu. Subiri magoti yanyooke. Uso wa picha ya njia hii ya pili ni tofauti pia. Baba aliyetishwa amekaza shingo na mdomo uko wazi. Aliyesimama kwa hiari yake ametulia, na mtazamaji anaiona tofauti hiyo hata kama hajui chanzo chake.

Usishuke majini kutafuta pembe nzuri. Konokono wa kichocho wanaishi humo humo kwenye majani ya ukingoni, na kiboko hatoi taarifa. Vaa jaketi ya kuokoa maisha hata kama mzee wako havai. Usikate majani kufungua njia ya lenzi. Kiota chenyewe ni rundo la mimea linaloelea, na jani ulilokata huenda ndilo lililokuwa likiyaficha mayai.

Mwenye simu tu asikate tamaa, ila asijaribu kuvuta karibu kwa vidole, picha inakuwa uji. Azima darubini, lenga ndege kwanza kwa macho, kisha weka kamera ya simu kwenye jicho moja la darubini na uishike kwa mikono miwili, viwiko juu ya magoti. Piga video badala ya picha, mtumbwi ukiwa umetulia, halafu nyumbani uchague fremu moja. Nyingi zitakuwa na duara jeusi pembeni. Kata, bakiza katikati.