Namna ya Kutambua Umri wa Barbie Uliyemkuta Mitumbani

Msimu wa korosho, wakulima wanapokuwa na fedha na wafanyabiashara wa Mtwara, Masasi na Lindi wanapoongeza mzigo, si ajabu kukuta robota la vifaa vya kuchezea likifunguliwa sokoni, na kati ya magari yasiyo na magurudumu na dubu wa manyoya wakatokea Barbie, wale wanasesere wa plastiki wa Kimarekani, wawili watatu wasio na nguo. Muuzaji huwatandaza katika fungu moja na kuwauza kwa bei moja, ingawa mmoja anaweza kuwa wa miaka ya 1970 na mwenzake wa juzi tu. Kuwatofautisha hakuhitaji zaidi ya kitambaa chenye unyevu na mwanga wa kutosha.

Anza na mgongo, lakini usiuamini upesi. Mlaze kifudifudi, futa vumbi chini ya kiuno, kisha mwinamishe mpaka mwanga umpige kwa ubavu. Hapo herufi ndogo zitajitokeza, zikiwa na jina la Mattel, kampuni inayomtengeneza, mwaka na mara nyingi nchi alikotengenezwa. Mwaka huo ndio unaowapoteza wengi. Alama ya 1966, ambayo ndiyo utakayoikuta mara nyingi, ni mwaka wa kusajiliwa kwa umbo lenye kiuno kinachozunguka, na kampuni iliendelea kuipiga kwenye migongo hadi miaka ya 1990. Kwa hiyo muuzaji anayekuapia kwamba wake ni wa 1966 kwa kuwa imeandikwa hivyo si mwongo. Amesoma mwaka wa kalibu, si mwaka wa kiwanda. Ndivyo ilivyo pia kwa alama ya 1976 iliyo kichwani, kwenye ukingo wa shingo.

Jina la nchi husaidia zaidi. Aliyeandikwa Japan ni wa kati ya 1959 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, na huyo mweke kando kwa uangalifu. Wa Indonesia ni wa miaka ya 1990 au baada yake.

Baada ya hapo mtazame usoni, kwa maana uso ndio unaosema mengi. Barbie wa kwanza, ambaye Ruth Handler, mbunifu wake na mmoja wa waanzilishi wa Mattel, alimwonyesha New York tarehe 9 Machi 1959 akiwa na vazi la kuogelea lenye mistari myeusi na myeupe, alikuwa na nyusi zilizochongoka, midomo iliyofumbwa na macho yanayotazama pembeni, kama mtu asiyetaka kusalimiwa. Usitegemee kumkuta Mtwara. Mwaka 1967 sura ililainishwa ikawa ya kisichana zaidi, na kope za nywele zikapandikizwa. Mwaka 1971, kwa Barbie wa Malibu, macho yalianza kutazama mbele moja kwa moja, na mwaka 1977 likaja tabasamu pana linaloonyesha meno. Tabasamu hilo lilidumu muda mrefu, na wengi wa mitumbani wanalo, kwa hiyo ukiliona jua tu kwamba hayuko kabla ya 1977, kisha utafute dalili nyingine.

Rangi ya ngozi nayo ni dalili, japo historia yake haifurahishi. Christie, mwanasesere mweusi, aliingia mwaka 1968 akiwa rafiki tu wa Barbie. Mweusi aliyepewa jina la Barbie mwenyewe, kazi ya mbunifu Kitty Black Perkins, alitoka mwaka 1980 akiwa na nywele fupi za kipilipili na vazi jekundu, yaani miaka 21 baada ya yule wa kwanza. Kwa maoni yangu walichelewa mno.

Kisha shuka mwilini. Kunja goti polepole: magoti yanayokunjika yalianza mwaka 1965. Tafuta kitovu, kikiwepo, huyo ni wa 2000 au baadaye. Angalia nyayo, kwa sababu kwa miongo mingi karibu wote walisimama vidoleni kwa ajili ya viatu virefu, na vifundo vinavyowezesha unyayo kulala chini vilienea kuanzia 2015. Akiwa mnene wa nyonga, mrefu au mfupi kuliko wenzake, ni wa 2016 na kuendelea, na mwenye mguu wa bandia ni wa 2019 au baada yake.

Nguo zisikushawishi. Mtoto wa Mikindani humshonea wa kwake gauni la vipande vya kitenge, na mtoto wa Marekani naye huvisha wa zamani nguo za mpya.

Kabla ya kulipa, kagua masikio na miguu. Hereni za chuma huacha doa la kijani kwenye plastiki laini, na doa hilo likishazama halitoki kwa sabuni. Miguu inayonata ni dalili kwamba kilainishi cha plastiki kinavuja, jambo ambalo joto letu la pwani huliharakisha. Mfute, mtoe hereni, umhifadhi kivulini mbali na bati, na usimfunge kwenye mfuko wa nailoni.